Niachieni tundu langu la pili la laini

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wiki iliyopita. Mama mmoja ameshika iPhone mpya iliyoingia kutoka Dubai, anaigeuza huku na huku akitafuta pa kuchomeka laini. Hereni ameshaivua sikioni, iko vidoleni tayari kwa kazi (zile pini zinazokuja na boksi, nani anayo hadi leo?). Muuzaji anamtazama kwa ile huruma ya mtoto wa mjini. "Mama, hii haina tundu. Ya kisasa hii, unaweka eSIM." Mama akauliza jambo moja tu: laini zake mbili atazipeleka wapi? Kijana akacheka, na wateja wengine wakacheka naye.

Kilichoniudhi ni kile kicheko, maana hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko yule mama dukani siku ile, mimi mwenyewe nikiwemo na swali langu la bei.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: eSIM ni laini isiyo ya plastiki, imejengewa ndani ya simu na mtandao wako ndio unaoiwasha. Apple ilianza kuuza simu zisizo na tundu la laini Marekani mwaka 2022, na iPhone 14. Tukasema ni mambo yao huko. Mwaka 2025 ikaja iPhone 17, na safari hii orodha ya nchi zinazouziwa simu isiyo na tundu ikaingiza Falme za Kiarabu, Oman, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Yaani Ghuba yote tunakochukulia mizigo. Ile nyembamba waliyoiita iPhone Air haina tundu popote inapouzwa. Sidhani kama kuna mtu kule California aliyeifikiria Kariakoo alipopitisha uamuzi huo, lakini Kariakoo inanunua Dubai, na kinachokatwa Dubai kinatuuma sisi.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Waandishi wa habari za teknolojia wanapenda kutusimulia kwamba soko hushikwa na mwenye kitu bora: kamera kubwa, prosesa ya kasi, sasa hivi 5G na wimbo wake. Huku kwetu mambo hayakwenda hivyo. Huku kwetu kilichoamua nani auze simu na nani afunge duka ni tundu la pili la laini. Kitundu cha plastiki, hakina hata jina la kujivunia, na ndicho kilichompa mnunuzi wa kawaida nguvu ambayo hakuna sheria wala tume iliyowahi kumpa.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kupiga ndani ya mtandao wako, nafuu, usiku karibu na bure. Kupiga mtandao mwingine, unaongea huku unaangalia salio. Haikuwa roho mbaya tu ya makampuni. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule wa pili kwa kila dakika, na hapa Tanzania ada hiyo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipoishusha hadi shilingi 34.92 mwezi Machi 2013. Ikaendelea kushushwa kila mwaka, hadi kufikia shilingi 2 mwaka 2022. Lakini miaka ile ya 112, kila mtandao ulikuwa ukuta, na bei ilikuwa inakwambia waziwazi: watu wako wote waje huku, au ulipie ukaidi wao.

Watu wakajibu kwa njia zao. Mwenye uwezo alitembea na simu mbili. Asiye na uwezo alikuwa na simu moja na laini nyingine imekunjwa kwenye kikaratasi ndani ya pochi. Unataka kumpigia shemeji wa mtandao ule? Zima simu, vua kava, toa betri, kwangua laini kwa ukucha, weka nyingine, rudisha betri, washa, simu inakuuliza leo tarehe ngapi kama vile umezaliwa upya. Unaongea dakika moja, unarudia yote kinyumenyume. Na katikati hapo aliyekutafuta kwenye laini ya kwanza anaambiwa hupatikani, na ndoa kadhaa zimetikisika kwa ajili hiyo.

Nokia waliliona hili? Sijui walikuwa wanaangalia wapi. Walikuwa wameishika Afrika mkononi, na ile 1100 yao yenye tochi, iliyotoka 2003, iliuzwa duniani zaidi ya milioni 250. Wakati huo Tecno, kampuni ya Kichina iliyoanzishwa 2006, iliamua mwaka 2008 kuelekeza nguvu zake Afrika, ikaja na simu ya laini mbili. Tuliicheka. "Mchina," tukasema, na spika yake ya kuamsha mtaa. Lakini Mchina alikuwa anaonyesha mitandao miwili kwa pamoja juu ya kioo, milingoti miwili ya mawimbi sambamba, na hilo lilitosha.

Nokia walipozinduka, mwaka 2010, walituletea C1-00. Ilikuwa na sehemu mbili za laini, sawa. Ila laini moja tu ndiyo ilikuwa hewani kwa wakati mmoja; kubadili ni mpaka uibadilishe mwenyewe. Yaani walisikia shida yetu, wakaitatua nusu, kisha wakaiweka kwenye boksi. Ya laini mbili zote hewani walikuja nayo baadaye, watu wameshahama. Mwaka 2013 wakatangaza kuiuzia Microsoft biashara yao ya simu.

Haya, najua mtaniambia Nokia iliangushwa duniani na iPhone na Android. Kwa Ulaya na Marekani, nakubali. Lakini bibi yangu kule Newala hakuiacha Nokia kwa sababu aliiona iPhone. Aliiacha kwa sababu mjukuu mmoja yuko Voda na mwingine Airtel. Leo Transsion, yenye Tecno, Itel na Infinix, ndiyo inayoongoza kuuza simu barani humu, na tangu 2019 hisa zake ziko soko la Shanghai. Kamera ya kumtoa vizuri mtu mweusi ilisaidia, betri la kukaa siku mbili lilisaidia. Tundu ndilo lililofungua mlango.

Na lilifungua mlango kwa mitandao pia, jambo ambalo mitandao yenyewe haipendi kulisema. Halotel ya Wavietnamu wa Viettel ilipoingia Oktoba 2015, soko lilishajaa. Kila mtu alikuwa na namba ambayo benki inayo, mwajiri anayo, na mdeni wake anayo. Kama tungekuwa na simu za tundu moja, Halotel ingelazimika kumshawishi kila mtu aache namba yake. Nani angekubali? Badala yake ilimwambia mtu: weka tu pale pa pili, ujaribu. Watu wakajaribu. Mamilioni wakabaki. Hakuna tangazo la redio ambalo lingefanya kazi hiyo.

Serikali nazo zilikuwa na dawa yao: kuhama mtandao bila kubadili namba. Kenya wakaanza Aprili 2011, sisi Machi 2017, kwa mbwembwe zote. Nitajie watu wa nyumbani kwako waliohama. Kuhama namba kunahamisha namba, pesa haihami. Akaunti yako ya M-Pesa, kiwango chako cha Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, ulichokijenga kwa kukopa na kulipa, wakala wa chini ya mwavuli aliyezoea sura yako, vyote vinabaki ulikotoka. Kwa hiyo watu walifanya lenye akili: laini ya pesa ikabaki tundu la kwanza, na tundu la pili likawa la kutangatanga na vifurushi. Wiki hii huku, wiki ijayo kule, anayepandisha bei anahamwa siku hiyo hiyo, bila fomu.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu ukubwa wa jambo hili, kumbuka yaliyotokea Kenya mwaka 2014. Benki ya Equity ilikuwa imepata leseni ya kuendesha huduma za simu kwa kupanda mgongo wa Airtel, ikaja na Equitel. Lakini Equity ilijua hakuna Mkenya atakayeitoa laini ya Safaricom kwenye simu yake, maana M-Pesa iko humo. Ikatafuta laini nyembamba kama ganda la kitunguu, unaibandika juu ya laini yako ya zamani, zote mbili zinaingia tundu moja. Ujanja mtupu! Safaricom wakapinga, wakisema ni hatari kwa usalama wa wateja wao: kile kiganda kingeweza kuchungulia siri za laini iliyo chini yake. Bunge likaingia, mahakama ikaingia, na mamlaka ya mawasiliano ikaruhusu majaribio ya mwaka mmoja. Inawezekana hoja ya usalama ilikuwa na ukweli wake, sina maabara ya kuipima. Ninachojua ni kwamba benki na kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini zilivutana mpaka jambo likafika mahakamani kwa ajili ya nani akae ndani ya kitundu kile. Wakubwa wanajua thamani yake. Sisi ndio tunafundishwa kwamba ni ushamba.

Ndiyo maana eSIM hainipi raha. Ngoja niitendee haki kidogo, isije ikaonekana nina kisasi. Mwizi hawezi kuichomoa na kuitupa mtaroni. Msafiri ananunua laini ya nchi anakokwenda kabla hajapanda ndege. Hatutakatiwa tena laini na fundi mwenye mkono unaotetemeka. Na iPhone inaweza kuhifadhi eSIM nane au zaidi, mbili zikawa hewani pamoja, kwa hiyo kwa hesabu za karatasi nimepewa matundu mengi kuliko niliyonyang'anywa. Asanteni.

Tofauti iko kwenye nani anaruhusu. Laini ya plastiki naihamisha mwenyewe, kwa ukucha, saa nane ya usiku, bila kumuomba mtu. Simu ikifa kioo, natoa laini, natia kwenye kitochi cha jirani, ile simu ndogo ya vitufe, naangalia salio, namtumia mtoto nauli, narudisha. Mwenye kitochi hata hajaamka. eSIM kila inapohama inapitia kwa mtandao: mtandao ukubali, mfumo uwe juu, uwe na intaneti ya kuipakua (kwenye simu ambayo haina laini bado, fikiria hilo), la sivyo panga foleni na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, uweke kidole. Na hiyo simu ya pili nayo iwe ya kupokea eSIM. Kitochi cha jirani hakipokei. Leo foleni ni fupi na wahudumu wanatabasamu, kwa kuwa tundu la plastiki bado lipo na wanajua tunaweza kuondoka. Likiisha ndipo tutajua tabia zao.

Kuna waliokwisha kuonja. Mnazikumbuka simu za CDMA, teknolojia tofauti na ya laini zetu za kawaida, za mtandao wa Sasatel na wenzake? Sauti safi, bei nzuri, intaneti yenye kasi kwa wakati ule. Ila simu ile ilikuwa ya mtandao ule tu, laini ya kawaida haikuingia. Sasatel ikazimika, na wenye simu zake wakabaki na saa ya mezani.

(Simu za mkopo zinazojifunga usipolipa, hizo nitaziandikia siku yake. Na wale wanaotengeneza tundu la pili ambalo lazima uchague, laini au memori kadi, Mungu anawaona.)

Tunaambiwa hakuna la kufanya, dunia imeshaamua. Haijaamua chochote. Mwaka 2018 Apple hao hao, walipotoa iPhone XS Max na XR, dunia nzima iliuziwa tundu moja na eSIM. China bara, Hong Kong na Macau wakatengenezewa simu tofauti: laini mbili za plastiki, moja mbele na moja nyuma ya kitreya kilekile. Kitreya kilekile! Sheria na soko la kule vilidai, na wahandisi wakapata nafasi ambayo kwingineko tunaambiwa haipo, eti ni ya betri. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba ni suala la milimita.

TCRA ndio wanaoidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini. Wanaweza kusema kesho kwamba simu inayouzwa hapa iwe na angalau tundu moja la plastiki, kama walivyoweza kuzishusha zile shilingi 112. Mpaka siku hiyo, wewe unayeagiza simu kwa mtu wako wa Dubai au Muscat, muulize kabla hujatuma hela kama ina tundu. Akikujibu "la nini tena?", tafuta mtu mwingine.