Udongo Wangu Una Faili

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina sururu, nina koleo, na nina kilima nyuma ya nyumba kinachonishushia tope hadi mlango wa jikoni kila mvua ikinyesha. Nikasema Jumamosi nakipunguza kidogo. Jirani akachungulia juu ya uzio: “Una kibali?”

Cha nini, cha kutoka jasho?

Kaunta za vibali za Marekani mnazijua, na foleni yake mnaijua. Nilivaa koti na tai, maana suala la ardhi ni la heshima. Binti wa kaunta akaniuliza ninachotaka. Nikamwambia nasogeza udongo, unatoka juu unakuja chini.

“Juu ni kukata, chini ni kujaza,” akasema. “Hizo ni kazi mbili.”

“Ni udongo uleule, binti yangu.”

“Yadi ngapi za ujazo?”

Mimi napima kwa toroli. Akanieleza, kwa upole wa muuguzi aliyeficha sindano, kwamba sehemu nyingi ukizidisha yadi 50 kibali lazima. Na ningevuruga ekari nzima, ningedaiwa pia mpango wa kuzuia maji ya mvua yasibebe tope. Ekari! Ningekuwa na ekari ningemlipa mtu anisimamie foleni.

“Mvua ikinyesha, tope litaelekea wapi?”

“Jikoni kwangu! Ndiyo maana niko hapa!”

Akaandika. Nikachungulia: “Udhibiti wa tope: hakuna.” Tai ikaanza kunikaba. Akataka mchoro wa mteremko wenye muhuri wa mhandisi. Mhandisi naye akataka hela kuliko kilima chenyewe.

Kupiga 811, namba ya simu ya watu wanaokuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa, kabla ya kuchimba ni bure, haki yao niwape. Wakaja na rangi: nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji, chungwa simu, kijani majitaka. Uwanja ukawa kama khanga. Majani sikati, naogopa kufuta gesi.

Jana imenyesha. Tope limeingia jikoni, halikuulizwa kibali na mtu. Nikashika dekio, mpini ukakatika katikati. Plastiki! Hivi nani alikaa akaamua mpini wa dekio uwe wa plastiki, tena mfupi, mtu wa kimo changu adeki amepinda kama anatafuta sarafu? Na ndoo zake nazo siku hizi…