Niko njiani, nakaribia

"Niko njiani, nakaribia." Nilimwambia hivyo rafiki yangu juzi nikiwa nimejifunga taulo, povu la sabuni bado limo sikioni. Alikuwa amekwisha kunisubiri dakika 20. Wala hakuuliza kwa ukali, alisema tu, "Uko wapi?"

Ningeweza kumjibu kwamba ndiyo kwanza naoga. Najitetea kuwa sikutaka kumuudhi, lakini huo nao ni uongo. Ataudhika tu, tena zaidi akikaa nusu saa nyingine akinitazamia mlangoni. Nilichokikimbia ni ule ukimya wa sekunde tatu kwenye simu mtu akishaambiwa kweli.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema tunadanganyana kwa upole. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Bella DePaulo, na wenzake walichapisha utafiti ambao watu 147 waliandika kwenye daftari kila uongo waliousema kwa wiki nzima. Wanafunzi wa chuo walifikia kama mara mbili kwa siku, wengine kama mara moja. Uongo wa kujinufaisha ulizidi ule wa kumfaa mwingine, na faida yenyewe mara nyingi haikuwa pesa. Ilikuwa kulinda sura, kutoaibika, kuonekana mtu wa maana. (Si kweli kwamba kila mtu hudanganya kila siku, hayo nayo yametiwa chumvi.)

Nadhani tunaanza mapema. Kikombe kimevunjika, mzazi anauliza "Nani kavunja?" na sauti tayari imeshika fimbo. Mtoto akikiri, anachapwa. Akikana na kuaminika, anarudi kucheza. Hapo nani kamfundisha mwenzake? Ukubwani ni vilevile: anayefoka akiambiwa kweli ndiye hufichwa mengi, halafu analalamika kwamba watu wake ni waongo. Mimi mwenyewe niligundua nyumbani wanapeana zamu ya kuniletea habari mbaya. Niliwakasirikia, jambo ambalo halikusaidia.

Basi siku ile nilifika nimechelewa karibu saa nzima. "Samahani ndugu yangu, foleni," nikasema. Akaziangalia nywele zangu, zilikuwa bado zinadondosha maji.

"Pole sana," akanijibu. "Hata mimi ndiyo kwanza nimefika."