Polepole, lakini kwa nauli ya mwanafunzi

Septemba 1950 ndege ya mizigo iitwayo Geysir, ikitokea Luxembourg, ilianguka juu ya barafu ya Vatnajökull huko Iceland. Wote sita waliokuwamo walipatikana hai baada ya siku kadhaa. Wamarekani waliokwenda kuwaokoa walitua na ndege aina ya Dakota, ikagoma kuruka tena, wakaitelekeza palepale. Wenye Geysir, shirika dogo la ndege la Iceland liitwalo Loftleiðir, wakainunua kwa dola 700. Majira ya baridi yakapita, wakapanda kuifukua kwenye theluji iliyoifunika, wakawasha injini, ikaruka. Waliiuza kwa faida kubwa.

Watu wa namna hiyo ndio walioshusha nauli za kuvuka Atlantiki.

Walianza mwaka 1944, marubani watatu vijana waliorudi kutoka Canada na kindege kimoja cha kutua majini. Serikali ilipogawa njia za ndani mwaka 1952, waliona wamepunjwa, wakaziacha zote na kushika njia ya New York. Enzi hizo nauli zilipangwa ndani ya IATA, umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, na wanachama walifungwa na bei hiyo. Loftleiðir hawakuwa wanachama. Wakashusha.

Wakubwa walilalamika kwamba soko linaharibiwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Abiria alijua anachonunua: ndege za mapanga wakati wengine wameshahamia kwenye jeti, kituo Iceland, saa nyingi angani. Shirika lenyewe lilitangaza kwamba ni la polepole ila bei iko chini. Wanafunzi wa Marekani wakajaa na mabegi yao mgongoni hadi ikaitwa ndege ya mahipi, wale vijana wa nywele ndefu waliokataa maisha ya kawaida. Wengi wao bila nauli ile wasingevuka kabisa; sasa hapo aliibiwa abiria wa nani? Nimesafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, magoti yakigusa kiti cha mbele usiku kucha, na ningesafiri tena. Asiye na fedha hulipa kwa muda wake, mradi afike.

Nchi za Skandinavia ziliwabana, maana zilikuwa na shirika lao la ndege, SAS, la kulinda. Luxembourg haikuwa na shirika kubwa la kulinda, ikawafungulia mlango mwaka 1955. Naiheshimu sana nchi ile kwa uamuzi huo.

Mwaka 1973 Loftleiðir iliunganishwa na mshindani wake wa nyumbani, na leo tunaiita Icelandair. Ndege zake bado zinatua Keflavík, uwanja mkuu wa Iceland, abiria wananyoosha miguu, kisha wanapanda tena kuelekea Ulaya au Marekani.