Msiguse Miamala, Tazameni Bei

Mhazini wa kikundi chetu cha uwekezaji alituletea taarifa ya mwisho wa mwaka iliyolingana hadi shilingi ya mwisho na karatasi tuliyopewa na mfuko wa pamoja tunaoweka fedha zetu. Wanachama walifurahi. Nilipoomba kuona faili lenyewe la hledger, programu inayosoma hesabu zilizoandikwa kwenye faili la maandishi, nikakuta kwamba bei tuliyonunulia vipande vya mfuko huo imebadilishwa: tulinunua vipande 10,000 kwa shilingi 300 kila kimoja, na sasa faili linadai tulivinunua kwa 340. Mhazini alieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba programu ilikuwa ikionyesha thamani ndogo, hivyo akaisahihisha.

Nia yake siilaumu, lakini kitendo hiki kinaniudhi kuliko kosa lolote la kujumlisha. Muamala ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea siku fulani, na soko likipanda au likishuka jambo hilo linabaki vilevile. Siku ile benki ilitoa shilingi 3,000,000. Ukiandika kwamba kipande kilinunuliwa kwa 340, muamala hausawaziki mpaka uandike pia kwamba benki ilitoa 3,400,000, na ukishaandika hivyo salio la benki katika faili linapishana na taarifa ya benki, kisha utaanza kutafuta laki nne nyingine za kuzibia pengo ulilolichimba mwenyewe. Kibaya zaidi, laki nne hizo ndizo faida yetu ambayo bado hatujaivuna, na sasa imefutika, kwa kuwa hesabu kwa gharama ya ununuzi na hesabu kwa bei ya soko zinatoa jibu moja. Tutakapouza, na mwanachama akauliza mgawo wake wa faida, tutamwonyesha nini?

Kilichohitajika ni mstari mmoja tu:

P 2024-12-31 KIPANDE 340 TZS

Unasema kwamba siku hiyo bei ya soko ya kipande ni shilingi 340. Mstari huu unasimama peke yake, una tarehe yake, na haugusi ununuzi. Baada ya hapo -B, yaani hesabu kwa gharama ya ununuzi, inatoa 3,000,000, na -V, yaani hesabu kwa bei ya soko, inatoa 3,400,000, na tofauti iko wazi kwa kila mwenye macho. Watumiaji wa Beancount, programu nyingine ya namna hii, wanao mstari wao wa price unaofanya kazi hiyohiyo. Mhazini alijaribu -V akaona vipande vitupu bila shilingi, akageukia -B, akaona milioni tatu, akahitimisha kwamba ununuzi uliandikwa vibaya. Faili halikuwa na bei yoyote ya soko, na hledger, tofauti na programu mwenzake Ledger, haichukui bei ya ununuzi kuwa bei ya soko mpaka uiagize kwa --infer-market-prices.

Hapa nakubali, shingo upande, kwamba programu nayo ina lawama. Ikikosa bei hainung'uniki. Inakuachia kiasi kama kilivyokuwa na kuendelea na kazi. Ukiandika TZS mahali pamoja na TSh mahali pengine, kwake hizo ni fedha mbili zisizojuana. Amri ya hledger prices itakuonyesha bei inazozijua, na ni vyema kuanzia hapo kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu zaidi sisi ambao kwetu dola moja ni maelfu ya shilingi. Tuseme umeandika:

P 2024-12-31 USD 2,400 TZS

Mtanzania yeyote atasoma elfu mbili na mia nne. Lakini hledger ikikuta alama moja tu ndani ya namba, na haijaelekezwa vinginevyo, huichukua kuwa alama ya desimali, hivyo inasoma mbili nukta nne. Dola zako 500, ambazo ni shilingi 1,200,000, zinatokea kwenye taarifa kama shilingi 1,200, na hakuna onyo lolote. Mwenzetu wa Nairobi anayeandika 130 kwa dola moja anaweza kukaa miaka bila kukutana na jambo hili. Sisi tunakutana nalo siku ya kwanza. Andika decimal-mark . (yaani nukta ndiyo alama ya desimali) mwanzoni mwa kila faili, au andika 2400 bila mkato. Asiyelijua hili ataona akiba ya dola imeyeyuka, atafungua muamala wa kuziweka, na ataanza kuubadilisha.

Limebaki suala la tarehe. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Mtu aliyekuwa na dola 1,000 na hakuzigusa alipoteza takriban shilingi 30,000 kwenye taarifa yake bila muamala hata mmoja, na taarifa zote mbili ni sahihi, kila moja kwa siku yake. Kwa hiyo taarifa ya thamani isiyotaja siku ya bei haifai kusomwa mbele ya wanachama. Na anayetaka bei ya tarehe 31 Desemba 2024 aandike -e 2025-01-01 (-e ndiyo inayotaja mwisho wa taarifa), kwa maana hledger haihesabu siku ya mwisho unayoitaja. Akiandika -e 2024-12-31, bei ya siku hiyo haitatumika, hata kama ameiandika kwa usahihi.