Mtoto asiwe wa mwisho kwenye beseni

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tandahimba, mkoani Mtwara, kumsalimia shangazi. Ugali wa muhogo ukatengwa, na vibua vya nazi, kisha beseni la kunawa likaanza kuzunguka. Alianza babu, akafuata mwenye nyumba, nikanawa mimi mgeni, wakanawa vijana wawili waliotoka kupalilia mikorosho. Mjukuu wa shangazi, ambaye hajatimiza miaka miwili, alifikiwa mwisho kabisa. Maji yalikuwa yameshakuwa tope. Akachovya vidole, akapeleka mkono kwenye ugali. Nilinyamaza kwa adabu, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Najua mtasema maji huku juu kwenye uwanda wa Makonde ni shida. Kweli, ni shida. Nimekulia kwenye nyumba iliyokinga mvua ya bati kwenye kisima cha uani, na kufikia Septemba tulikuwa tunanunua madumu. Lakini mtu mmoja akishika kopo akawamiminia wenzake kidogo kidogo, na sabuni ikapita mkono kwa mkono, maji hayazidi yale ya beseni. Kibuyu chirizi ndiyo kabisa: dumu dogo, tundu la msumari, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Sabuni ikikosekana, majivu yapo jikoni. Beseni moja linachukua uchafu wa mmoja na kuwagawia wote, na fungu kubwa analipata mwenye tumbo changa.

Mtoto huyo akiharisha leo, akapona, akaharisha tena wiki ijayo, utumbo wake unashindwa kufyonza chakula vizuri. Hata umpe nini, hakimfai inavyopaswa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Udumavu ukishapita miaka miwili ya mwanzo, kuurudisha nyuma ni kazi ngumu mno. Na sisi tunakaa kwenye korosho, karanga, mbaazi, choroko na bahari!

Siku ileile, samaki naye alifuata njia ya beseni. Wakubwa tulipata minofu, mtoto akalowekewa tonge kwenye mchuzi. Kuwatanguliza wakubwa ni heshima, na sitaki ife. Ila babu ameshakua, kimo chake hakiongezeki. Huyu wa miezi ishirini ndiye anayejenga mwili na ubongo sasa hivi. Mchambulieni kibua, mtoe miiba, mumpe kwanza. Siku samaki hayupo, dagaa wa kusaga au karanga za kutwanga ziingie kwenye uji wake. Karanga zenye ukungu zitupwe, zina sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote.

Chai ya rangi na mlo, hapana. Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye kisamvu na maharage. Na mabibo yanayooza chini ya mikorosho kila msimu yana vitamini C kuliko machungwa. Waacheni watoto wayale, yakishaoshwa.

Jumamosi ijayo narudi Tandahimba na dumu la lita tano, msumari na kamba. Nitalifunga kwenye mwembe wa uani, chini kabisa, kijiti mtoto akifikie kwa mguu wake. Halafu nitamwomba shangazi aanze kunawisha kwa mjukuu wake.