Sikio Langu na Jenereta Namba Mbili

Mimi ni fundi umeme wa meli. Kisa hiki nakisimulia leo kwa kuwa Chifu Injinia ameshastaafu, na simu yenye ushahidi ilishazama baharini.

Tulikuwa tumetia nanga nje ya Mombasa, tukingoja zamu ya kuingia Kilindini. Jenereta namba mbili ilikuwa ndiyo kwanza imetoka matengenezoni, na nyaya zake nilizirudishia mimi kwa mikono yangu. Kabla ya kuzifungua nilipiga picha kwa simu, fundi wa kisasa mie. Wakati wa kurudishia sikuiangalia picha hiyo hata mara moja. Nilitegemea alama nilizoandika kwenye utepe, na nusu yake zilikuwa zimekwenda na jasho.

Ikiwa peke yake, jenereta ilikuwa haina neno. Tena kila mzigo ukiongezeka, volti badala ya kulegea kidogo ilikuwa ikipanda: 440, 443, 446.

"Mzee Chifu, hii haikupona tu, imezidi nguvu."

Chifu, mtu wa Lamu, akanitazama kwa jicho moja. La pili lilibaki kwenye kikombe cha kahawa. Laiti angetazama kwa yote mawili.

Makontena ya baridi yalikuwa mengi na amri ya kung'oa nanga ilikuwa njiani, kwa hiyo ilibidi jenereta mbili zibebe pamoja. Nikangoja sindano ya mita ya kulinganisha jenereta ifike mahali pa saa sita kasoro dakika tano, nikafunga breka kuziunganisha. Ikaingia laini. Kilowati 280 huku, 280 kule. Nikaanza kujipongeza, kisha nikaona ampea: namba moja 385, namba mbili 760, na bado zinapanda.

Akilini mwangu nikasema namba mbili inabebeshwa sana maskini, tuipunguzie. Nikashika swichi ya gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini yake, nikawa naishusha. Kilowati zake zikateremka, 200, 120, 60, lakini ampea zikagoma kushuka. Hatimaye zote mbili zikafika kama 670. Sawa kwa sawa!

"Chifu, zimegawana!" nikapiga kelele.

Zimegawana kweli: namba moja kilowati 500, mwisho wa uwezo wake, namba mbili 60. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nasoma mita za ampea tu.

Papo hapo juu wakaanza kuvuta nanga. Namba moja ikatoa moshi mweusi, kinga ikaona meli inaelemewa, ikatupa mizigo isiyo ya lazima. Na kwa mujibu wa waliounda meli ile, kiyoyozi si cha lazima, wala jiko si la lazima. Mpishi alikuwa na sambusa mia mbili kwenye kaango la umeme. Alishuka ngazi za chumba cha injini na upawa mkononi, na sijapata kumwona mtu mnene akishuka ngazi zile kwa kasi hiyo.

Chifu akaweka kikombe chini. "Kijana, gavana hugawa kilowati. Zile ampea za ziada hazifanyi kazi yoyote, zinazunguka baina ya jenereta mbili. Hizo ni za AVR, kidhibiti cha volti. Wewe umempa mgonjwa wa jino dawa ya minyoo. Volti ilipanda kwa mzigo, ukafurahi? Waya za CT, ile transfoma ndogo inayoipimia AVR mkondo, umezigeuza. Lete hiyo picha."

Hapo ndipo nilipotamani kuzama.

Katika picha nilikuwa mimi, meno yote nje, kidole gumba juu, na kichwa kimeziba kisanduku chote cha nyaya. Chifu akaivuta picha ikakua mpaka tundu za pua yangu zikajaa kioo. Akasogeza, akasogeza. Pembeni ya sikio la kushoto zikatokea nyaya mbili, na herufi zake zinasomeka.

"Sikio limetusaidia," akasema. "Kichwa hapana."

Tukaizima injini ya namba mbili kwanza, maana CT yenye mkondo haifunguliwi ovyo, nikabadilisha zile waya mbili. Tulipoziunganisha tena jenereta: ampea 460, 460, na kilowati zao sawa. Mpishi yeye alininunia mpaka tukatoka Kilindini, sambusa zangu zikawa zile zile zilizonyonya mafuta siku ya mkasa.

Na Chifu, mpaka anastaafu, kila tukifungua kisanduku alikuwa akiniita kwa sauti ya kusikika hadi kwa nahodha: "Kijana, piga picha! Ila leo geuza shavu, tunataka sikio la kulia."