Kalkulatere kwa arusi ya shemeji

Ndugu zangu wa Goma, mutu asiniambie tena "weye unajuaka mambo ya ordinatere".

Shemeji yangu alikuwa anaoa, sali iko Himbi, akaniomba nipange foto zake na bibi-arusi kwa PowerPoint, na pa mwisho iingie video ya wajomba walioko Kanada. Sasa PowerPoint ya mashini yangu ikaikataa ile video, giza tupu, VLC tu, ile programu ingine ya video, njo inaisoma. Nikasema basi, nitafanya foto ya mwisho ifungue VLC yenyewe, watu washangae.

Weee. Ile kitu unaweza kuiambia foto ianzishe programu, ndiyo, lakini inataka uifinye ao upitishe kipanya juu yake. Ukitaka ijiamushe bila kuguswa lazima uandike makro, ni kusema amri ndogo ndani ya faili. Nikaandika, mustari mumoja tu wa Shell, amri ya kufungua programu, nikarekodi faili kwa pptx kama kawaida, makro yote ikapotea, kumbe ilitaka pptm, aina ya faili yenye inachunga makro. Saa nane ya usiku hiyo. Nikakasirika nikachukua njia ya kipanya: foto ya maarusi imefunika ekra yote, kipanya ikiigusa tu, programu inaamuka. Kwa kujaribu nikaweka kwanza calc.exe, kalkulatere, juu anwani yake ni fupi. Ikafunguka! Nikalala na furaha yangu.

Mwenye ameshaona penye nilikosea anizidi akili, mi sikuona kitu.

Arusi ikafika. Animatere akaita "tusikilize familia ya Kanada!", foto ikatokea, chini yake niliandika kwa maua: UPENDO HAUHESABU. Nikasukuma kipanya. PowerPoint ikauliza kama niruhusu ile programu, kwa haraka nikafinya ya kuruhusu zote, na puu, kalkulatere katikati ya uso wa bibi-arusi, imeandika 0.

Sali kimya. Munajua kwetu mahari tunaongeaka ngombe lakini tunalipa dola, na kulibakia ngombe mbili, hata batoto ya kugawa fanta walijua. Mama mukwe akamugeukia baba mukwe pole pole.

Nikarukia kuifunga. Hapo njo shetani aliingia: nikifunga, dirisha inaenda, kipanya inabakia juu ya foto, foto inasema nimeguswa, inaleta ingine. Nafunga, inakuja. Nahamisha kando, inakuja ya pili. Mara sita! Esc ya kutoka ilikuwa pale pale kwa klavie, lakini vidole vyangu vilishasahau kusoma. Animatere badala ya kunisaidia anashika mikro: "Familia ya kwa mwanamuke, naona hesabu zimeanza!" Watu wakaanguka na kicheko, uso wa shemeji ukawaka kama volkano yetu Nyiragongo usiku.

Halafu baba mudogo wa bibi-arusi akasimama, muzee wa fimbo, akakuja mbele polepole, watu wanamupisha, akafika kwangu.

"Kijana, usifunge. Acha moja. Weka mbili."

Shemeji ananiangalia. Muzee naye ananiangalia. Sasa mukubwa amesema, nitafanya nini?

Nikafinya 2. Ikatokea kwa ukuta, kubwa kama mulango.

Video ya Kanada tuliiona kesho yake kwa telefone, mi na shemeji peke yetu, hakusema hata neno moja.